Baada ya kupasuliwa tumbo India: Ayurveda inasaidia wapi, na wapi inaleta hatari

Wakongomani wanaokwenda kutibiwa India hurudi na dawa za hospitali, na mara nyingine wanarudi pia na poda za Ayurveda, dawa ya asili ya Wahindi. Zote zinaahidi kurudisha nguvu ya tumbo na kushusha sukari. Kwa mtu aliyepasuliwa kongosho, kuchanganya dawa hizo bila kumwambia muganga kunaweza kumpeleka kaburini katika usiku mmoja.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Bukavu, mwenye miaka 52, anajua jambo hilo kwa mwili wake. Ameomba jina lake lisiandikwe. Kwa miaka mingi aliumwa tumbo, maumivu yakipenya hadi mgongoni. Alitibiwa amiba, alitibiwa minyoo, alitibiwa vidonda vya tumbo. Majirani walisema ni karuho, kwamba kuna mtu aliyemwekea sumu katika kinywaji, na familia ikatumia pesa kwa watu wanaodai kutapisha sumu. Alizidi kukonda. Siku moja picha ya skana ilionyesha mawe meupe ndani ya kongosho.

Familia ilichangishana, kiwanja cha Kabare kikauzwa, na mwalimu akasafiri na mdogo wake hadi jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India. Huko walimpasua, wakatoa mawe na sehemu ya kongosho, wakaunganisha kilichobaki na utumbo. Alirudi nyumbani na kilo 47, kovu refu, na mfuko wa dawa.

Ndani ya mfuko kulikuwa na insulini na vidonge vya enzimu vya kumsaidia kusaga chakula. Kulikuwa pia na vitu vitatu ambavyo muganga hakuviandika: poda ya tumbo, chupa ya dawa ya maji yenye rangi ya kahawia, na poda ya karela kwa ajili ya sukari. Mdogo wake alivinunua katika duka karibu na nyumba ya wageni walimolala. Muuzaji alimhakikishia kwamba ni majani tu na kwamba majani hayamdhuru mtu.

Miezi mitatu baadaye vidonge vya enzimu viliisha. Mwalimu alivitafuta katika famasi kadhaa bila kuvipata, na alipoulizia bei ya kuviagiza akaona haiwezi mshahara wake. Akaamua poda ya tumbo ichukue nafasi yake. Jioni moja alikunywa karela, akajidunga insulini kipimo kile kile cha kila siku, akala uji kidogo akalala. Usiku mke wake alimkuta ameloa jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Jirani muuguzi alikuja na kipimo: sukari ilikuwa 38. Kiasi cha chini ya 70 tayari ni hatari. Alinyweshwa maji ya sukari, akapona.

Mke wake anasema usiku huo ndio ulimfundisha kwamba sukari ya chini inaua haraka kuliko sukari ya juu.

Kiungo kimoja, kazi mbili

Kongosho, ambayo waganga wa kwetu huiita pankreasi, ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwaga ndani ya utumbo enzimu, yaani maji yanayovunja mafuta, nyama na wanga. Ya pili ni kuingiza ndani ya damu insulini, inayoshusha sukari, na glukagoni, inayoipandisha ikishuka sana.

Mtu akikatwa kongosho, au kongosho ikiharibika kwa miaka, kazi zote mbili zinalegea pamoja. Chakula kinapita bila kusagwa: tumbo linajaa gesi, kinyesi kinatoka na mafuta, kinaelea na kunuka sana, na mgonjwa anakonda hata kama anakula. Vitamini A, D, E na K, ambazo husafiri pamoja na mafuta, zinapotea. Wakati huo huo sukari inapanda, sababu insulini ni kidogo.

Waganga huuita ugonjwa huo diabeti ya aina ya 3c. Si sawa na diabeti ya mama mnene wa miaka 60 anayemeza vidonge. Hapa mgonjwa amepungukiwa hata na glukagoni, ile breki inayozuia sukari isianguke. Ndiyo maana sukari yake inaruka juu na chini, na ikianguka mwili hauna nguvu ya kuiinua.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Enzimu na insulini zinafanya kazi bega kwa bega. Mgonjwa anayemeza enzimu, chakula kinaingia mwilini, na insulini inakuwa na kitu cha kufanyia kazi. Akiacha enzimu, chakula kinatoka nje lakini insulini inabaki ile ile. Inakuwa nyingi kupita kiasi.

Ukirudi kwenye usiku ule wa Bukavu, utaona mambo matatu yaliyokutana: enzimu hazikuwepo, uji ulikuwa kidogo, na karela iliongezwa juu ya insulini.

Kerala, nchi ya mihogo

Si ajabu kwamba mwalimu alipelekwa Kerala. Tangu miaka ya 1960 muganga P. J. Geevarghese wa huko alikusanya na kueleza kesi nyingi za watu wenye mawe katika kongosho, wengi wao vijana, maskini, wasiokunywa pombe. Walianza na maumivu ya tumbo wakiwa watoto, na wakiwa vijana tayari wana diabeti. Hata kabla ya hapo, mwaka 1959, muganga aitwaye Zuidema alikuwa ameandika kuhusu ugonjwa kama huo kutoka Indonesia.

Msomaji wa Kivu atashangaa kusikia nani alishitakiwa kwanza: muhogo. Watawala wa Travancore, ufalme uliokuwa kusini mwa Kerala ya leo, waliusambaza muhogo katika karne ya 19 ili kupigana na njaa, na hadi leo watu wa Kerala wanaula na samaki wenye pilipili, karibu kama sisi tunavyokula bugali na sambaza. Kwa kuwa muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, watafiti walidhani ndiyo inayoharibu kongosho.

Utafiti wa baadaye haukuthibitisha shitaka hilo. Ugonjwa ulionekana pia kwa watu wasiokula muhogo, na tangu miaka ya 2000 wanasayansi wameonyesha kwamba wagonjwa wengi wana kasoro katika jeni iitwayo SPINK1, inayolinda kongosho isijisage yenyewe. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa bugali juu ya kongosho. Muhogo mchungu usioloweshwa vizuri unaleta ugonjwa mwingine, konzo, unaopooza miguu, kama inavyojulikana Kahemba katika jimbo la Kwango.

Kerala ni pia moja ya ngome za Ayurveda. Huko Kottakkal, tangu mwaka 1902, kuna taasisi ya Arya Vaidya Sala iliyoanzishwa na P. S. Varier, inayotengeneza dawa na kutibu wagonjwa. Ayurveda nchini India si biashara ya barabarani tu. Inasomwa chuo kikuu miaka mitano na nusu pamoja na mazoezi, na tangu mwaka 2014 ina wizara yake, Wizara ya AYUSH.

Wala upasuaji na diabeti si vitu vigeni kwake. Kitabu cha kale cha Sushruta kinaeleza jinsi ya kufunga utumbo uliotoboka kwa kutumia vichwa vya siafu wakubwa wanaong'ata kingo za kidonda. Vitabu hivyo vya kale vinaita ugonjwa wa sukari madhumeha, yaani mkojo wa asali, na kueleza kwamba wadudu wanaukimbilia.

Mahali Ayurveda inaposaidia: ndani ya chungu

Neno kubwa la Ayurveda juu ya tumbo ni agni, moto. Chakula, wanasema, ni kama kuni: ukitupa gogo juu ya moto uliokaribia kuzimika, unauzima kabisa. Kwa hiyo mtu aliyedhoofika analishwa kwa ngazi. Anaanza na maji ya mchele, anafuata uji mwepesi, halafu uji mzito, halafu supu ya choroko, na mwisho chakula cha kawaida.

Muganga mpasuaji hasemi agni, lakini anatembea karibu njia ile ile: maji kwanza, vyakula vyepesi, milo midogo midogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani kubwa mara mbili. Hapo dawa mbili zinapatana.

Katika nyumba za Kerala mgonjwa anapewa kanji, uji wa mchele pamoja na choroko. Anapewa pia maziwa ya kuganda yaliyotolewa siagi na kuongezwa maji, chumvi na tangawizi. Tangawizi inaweza kupunguza kichefuchefu. Jira na pilipili manga kidogo zinaleta hamu ya kula kwa mtu ambaye chakula kimemkinai. Vitu hivi, kwa kiasi cha jikoni, havigombani na insulini wala na enzimu.

Kivu haikosi vitu kama hivyo. Maziwa ya kuganda yapo, tangawizi ipo, sambaza wa ziwa wapo kwa kujenga mwili. Mama anayejua kupika anaweza kufanya kazi hiyo bila kununua kopo lolote kutoka India. Mgonjwa wa sukari akumbuke tu kwamba uji mtupu wa mchele au wa mahindi unapandisha sukari haraka. Uende pamoja na maharagi yaliyopondwa, yai au samaki, na upimwe kikombe kwa kikombe.

Mahali inapogongana na hospitali

Matatizo yanaanza pale Ayurveda inapotoka jikoni na kuingia katika chupa na makopo.

Tuanze na poda za tumbo. Inayojulikana zaidi ni triphala, mchanganyiko wa matunda matatu yaliyokaushwa. Inalainisha choo. Kwa mtu mwenye afya aliyefunga choo inaweza kuwa nzuri. Kwa mtu asiye na enzimu, ambaye tayari anahara mafuta, inaongeza kuhara na kumkondesha zaidi. Hakuna poda ya majani inayoweza kuchukua nafasi ya enzimu za kongosho.

Zifuatazo ni dawa za maji ziitwazo arishta na asava. Nyingi zinauzwa kama dawa za kusaga chakula. Zinatengenezwa kwa kuchachusha mimea pamoja na sukari guru, na zinakuwa na pombe inayojitengeneza yenyewe ndani ya chupa. Muganga anamkataza mgonjwa wa kongosho hata glasi moja ya bia, kumbe mgonjwa anakunywa pombe na sukari kwa kijiko kila jioni akidhani ni dawa. Dawa nzito za kulamba, kama chyawanprash, nazo zimejaa sukari au asali.

Kuna halafu dawa za sukari zenyewe: karela, lile tunda chungu lenye magamba, uwatu, mbegu ndogo zinazouzwa na viungo vya pilau, na gurmar, mmea ambao jina lake kwa Kihindi lina maana ya muuaji wa sukari. Huenda mimea hii inashusha sukari kidogo kwa watu fulani. Lakini mwaka 2011 wataalamu wa shirika la Cochrane walichunguza majaribio 7 ya dawa za Ayurveda kwa watu 354 wenye diabeti, wakasema ushahidi hautoshi kuzipendekeza. Mwaka 2012 walisema hivyo hivyo juu ya karela. Majaribio hayo hayakufanywa kwa ajili ya watu waliokatwa kongosho. Kwa mtu huyo, asiye na breki ya glukagoni, hata kushusha kidogo juu ya insulini kunaweza kuzidi.

Mwisho ni metali. Baadhi ya dawa za Ayurveda huchanganywa makusudi na majivu ya metali kama zebaki na risasi. Mwaka 2008 jarida la waganga wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti: karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Sumu ya risasi yenyewe inaleta maumivu makali ya tumbo. Mgonjwa anaweza kudhani ugonjwa umerudi.

Tuongeze kwamba tiba za Ayurveda za kusafisha mwili kwa kutapisha na kuharisha hazimfai mtu mwenye mshono mpya tumboni. Huku kwetu anayekwenda kutapishwa karuho baada ya upasuaji yuko katika hatari hiyo hiyo.

India yenyewe inasema nini

Wauzaji wanaotuma matangazo kwenye WhatsApp wakidai kuponya kabisa diabeti kwa dawa ya Kihindi hawasemi jambo moja: nchini India sheria ya mwaka 1954 inakataza kutangaza dawa yoyote kwamba inaponya magonjwa fulani, na diabeti iko katika orodha hiyo. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya India ilikemea vikali kampuni kubwa ya Patanjali Ayurved kwa matangazo ya kupotosha, na viongozi wake wakalazimika kuomba radhi hadharani.

Waganga wenyewe huko hawakubaliani juu ya mipaka. Mwaka 2020 serikali iliporuhusu wahitimu wa ngazi ya juu wa Ayurveda kufanya aina 58 za upasuaji, chama cha waganga wa India kiligoma tarehe 11 Desemba. Lakini pande zote mbili zinajua kwamba mtu asiye na insulini ya kutosha anahitaji insulini.

Mgonjwa afanye nini

Kwanza, kabla ya kuondoka India, aombe karatasi inayoeleza ni sehemu gani ya kongosho iliyotolewa, na dawa zipi ni za maisha. Aulize majina ya kisayansi ya dawa, sio ya kampuni tu, ili muganga wa Bukavu, Goma au Bunia aweze kutafuta nyingine inayofanana.

Pili, vidonge vya enzimu vimezwe pamoja na chakula, kuanzia tonge la kwanza. Vikimezwa tumbo likiwa tupu, havina kazi. Miongozo ya Ulaya inaanzia uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa mlo mkubwa, na nusu yake kwa chakula kidogo, lakini muganga ndiye anayepanga kipimo. Vinatengenezwa kutoka kongosho la nguruwe, kwa hiyo Mwislamu au Mwadventista ana haki ya kuelezwa mapema na kuongea na viongozi wake wa dini badala ya kuviacha kimya kimya.

Tatu, enzimu zikikaribia kuisha, mgonjwa arudi kwa muganga kabla ya siku ya mwisho. Kipimo cha insulini kinaweza kuhitaji kupunguzwa. Hilo si jambo la kukisia nyumbani.

Nne, insulini isiachwe, hata kama sukari imekuwa nzuri wiki nzima. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Ile inayotumika inaweza kukaa nje ya friji karibu wiki nne, mradi isipate joto kali. Pasipo umeme, chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa maji, kikiwekwa kivulini, kinasaidia.

Tano, watu wote wa nyumbani wajue dalili za sukari kuanguka: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuongea ovyo. Mgonjwa akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari ndani ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15, halafu ale. Akiwa amezimia, asimwagiwe kitu mdomoni. Akimbizwe hospitali.

Na mwisho, kila poda, kila chupa, kila majani, viwekwe mezani mbele ya muganga. Wagonjwa wengi wanaficha sababu wanaogopa kukemewa. Hapa waganga nao wana kazi yao. Muganga anayecheka dawa ya kienyeji anamfundisha mgonjwa kunyamaza, na mgonjwa anayenyamaza ndiye anayekutwa usiku na sukari ya 38.

Mwalimu wa Bukavu sasa ana kilo 54. Ndugu walioko ng'ambo wanachangishana kumtumia enzimu. Muganga wake alisoma makopo yote matatu: chupa ya kahawia na karela vikatupwa, na poda ya tumbo pia. Kilichobaki kutoka Kerala ni uji wa mchele na choroko, na maziwa ya kuganda yenye tangawizi, ambayo mke wake amejifunza kuyatayarisha kila asubuhi. Kando ya kikombe anaweka kipimo cha sukari, insulini, na kidonge cha kumeza na tonge la kwanza. Mwalimu anapima, anajidunga, anameza, ndipo anakula. Saa moja na nusu yuko darasani.